Maneno ya Majaribio

KLAUDIA: Haloo, Muleba! Klaudia wa swichibodi ya Bukoba hapa. Pokea simu yako, tafadhali.

KOKUSHUBILA: Muleba hapa. Napokea. Ni nani huyo?

ILDEFONS: Koku? Ni mimi. Ildefons.

KOKUSHUBILA: Ildefons! Tangu saa tatu niko hapa kama mtu anayekaa juu ya siafu –

ILDEFONS: Nimepata ujumbe wako kwenye mashine ya simu ya maandishi. “Usiandike tena, piga simu.” Nikajua mashine imekufa. Imekufa?

KOKUSHUBILA: Mashine ni nzima. Tungekufa sisi ingekuwa afadhali.

ILDEFONS: Koku, leo usinitanie. Mkaguzi, Ndugu Kaijage, ameshaondoka hapa na Landrova, saa nane atakuwa huko kwenu. Anakuja kuangalia mashine, mimi huku Bukoba nimeshaipangusa mpaka inang'aa –

KOKUSHUBILA: Ndugu Rutashobya amefungua lile boksi.

(Mkwaruzo.)

ILDEFONS: Sikusikia. Amefungua nini?

KOKUSHUBILA: Boksi la nyuma ya mashine! Rutashobya, mkuu wangu wa posta! Alikuwa anafagia humu ofisini kwa ajili ya mkaguzi. Akaona boksi, akafungua, ndani limejaa karatasi.

ILDEFONS: Karatasi za nini? Si nilikuambia kila tukimaliza kuandikiana uchane, uchome?

KOKUSHUBILA: Nilichana! Nilichoma! Miezi minne nachoma jikoni kwa mama, mpaka mama anauliza posta siku hizi wanagawa karatasi bure? Hizi ni za pili, Ildefons. Nakala. Zinajiviringisha zenyewe nyuma.

ILDEFONS: Mawe!

KOKUSHUBILA: Usimwite mama yako kwa Kihaya. Nani alifunga ile roli ya karatasi mbili mbili?

ILDEFONS: Mimi.

KOKUSHUBILA: Wewe.

ILDEFONS: Nilifunga siku ya kwanza. Kila simu ya maandishi ya serikali lazima iwe na nakala, ndivyo ilivyo kanuni. Halafu nikasahau. Nilikuwa nashughulika na kile kisanduku changu, kuhakikisha waya wa simu wa kawaida unaweza kubeba maandishi. Karatasi nani angeikumbuka?

KOKUSHUBILA: Fundi aliyefufua mashine mbili zilizotupwa stoo, akazifanya ziandikiane kutoka Bukoba mpaka Muleba, anashindwa kukumbuka karatasi.

ILDEFONS: Amesoma?

KOKUSHUBILA: Amevaa miwani.

ILDEFONS: Koku, amesoma?

KOKUSHUBILA: Kuanzia mwezi wa saba. Tangu siku ile uliponiuliza Muleba mvua imenyesha, nikakujibu imenyesha, ukauliza na wewe umelowa? Amesoma utani wetu wa senene. Amesoma ulivyotoroka kwenye shamba la kijiji ukasema unaumwa mgongo –

ILDEFONS: Hilo nalo lipo?

KOKUSHUBILA: Lipo! Lina tarehe! Akaniuliza, binti yangu, hizi kengele tatu tatu ni ubovu wa mashine? Nikamwambia hapana, waitu mzee wangu, kengele tatu maana yake ninacheka.

ILDEFONS: Umemwambia?

KOKUSHUBILA: Ningemwambia nini? Ni mzee wa kanisa, anakaa benchi moja na baba yangu kila Jumapili. Siwezi kumtazama usoni nikamdanganya.

ILDEFONS: Sasa yuko wapi?

KOKUSHUBILA: Nje, anaongea na wenye kahawa. Ameniachia karatasi na kalamu. Juu ya kila kipande anataka niandike neno moja, halafu sahihi. Kazi, majaribio, au binafsi.

ILDEFONS: Basi andika –

KOKUSHUBILA: Ngoja nimalize. Ya kazi –

ILDEFONS: Andika majaribio!

KOKUSHUBILA: Unaona? Kwenye mashine hunikatizi. Unasubiri mpaka nipige alama ya zamu yako.

ILDEFONS: Samahani. Lakini ni rahisi, Koku. Mashine mpya lazima ijaribiwe. Fundi anaandika chochote, karani anajibu chochote, ili kuona herufi zinafika. Hakuna mkaguzi atakayeuliza. Ukiandika binafsi tumekwisha. Wewe kazi huna, mimi kazi sina, na mashine zinarudishwa stoo.

KOKUSHUBILA: Najua.

ILDEFONS: Zikipita leo, Januari niko Dar es Salaam kwenye mafunzo. Mwaka mzima na nusu. Watu wameanza kusema zitawekwa mpaka Biharamulo, mpaka Ngara. Fikiria, mtu wa Ngara anaandika, wa Bukoba anasoma hapo hapo. Siyo kungoja barua, siyo kungoja basi.

KOKUSHUBILA: Najua, Ildefons. Umeshaniandikia yote hayo. Yamo kwenye kipande cha Agosti.

ILDEFONS: Basi andika majaribio, utie sahihi, mambo yaishe.

KOKUSHUBILA: Na ya Jumanne?... Haloo? Upo?

ILDEFONS: Nipo. Laini inakwaruza.

KOKUSHUBILA: Huku haikwaruzi. Nimekuuliza ya Jumanne.

ILDEFONS: Nayo weka kwenye rundo hilo hilo. Sisi wenyewe tunajua.

KOKUSHUBILA: Haiwezekani. Rutashobya ameniambia wazi. “Binti yangu, ukiandika binafsi, nitakuombea kwa mkaguzi, lakini sikuahidi. Ukiandika majaribio, nitaamini ni majaribio. Na nikitoka hapa napita kwa baba yako Ndyamukama, namwambia azime moto, Jumapili hakuna mgeni.” Ndivyo alivyosema. Yeye hana neno la faili na neno la nyumbani. Neno kwake ni moja.

ILDEFONS: Azime moto gani?

KOKUSHUBILA: Wa ndizi. Baba ameshaanza kuivisha ndizi za rubisi, pombe ya kupokelea wageni.

ILDEFONS: Umemwambia baba yako?

KOKUSHUBILA: Ildefons!

ILDEFONS: Nauliza tu –

KOKUSHUBILA: Uliandika mwenyewe! “Nimeshaongea na wazee wangu, mshenga amepatikana, Jumapili hii tunakuja kwenu.” Hapa ninaitazama. Ukapiga kengele tatu. Mimi nikaenda nyumbani nikamwambia baba. Unajua ilivyokuwa kumwambia baba yangu, Mlutheri tangu babu yake, kwamba anayekuja ni Mkatoliki wa Kashozi? Jumatano nzima hakusema na mtu. Jana akaingia shambani mwenyewe akakata mikungu. Mikungu sita. Hakuniambia ndiyo, hakuniambia hapana, alikata ndizi.

ILDEFONS: Sikujua ungemwambia upesi hivyo.

KOKUSHUBILA: Jumapili ni keshokutwa! Ningemwambia lini, mgeni akiwa mlangoni?

ILDEFONS: Hapana, nasema... Koku, sikiliza –

KOKUSHUBILA: Nasikiliza. Tangu saa tatu ninasikiliza.

ILDEFONS: Hii simu inapita swichibodi. Kuna watu humu karakana. Kuna Omary hapa anachomelea waya.

KOKUSHUBILA: Omary aendelee kuchomelea. Nataka kitu kimoja. Ile ya Jumanne, niambie kwa mdomo. Vile vile ulivyoiandika. Ukisema, naandika binafsi, naweka jina langu, na nikifukuzwa nifukuzwe.

ILDEFONS: Na mimi nifukuzwe?

KOKUSHUBILA: Ndiyo. Na wewe.

ILDEFONS: Hebu nikuandikie. Washa mashine, dakika moja tu. Kwenye mashine nitakueleza vizuri, mimi kwenye simu maneno yananikimbia, unanijua –

KOKUSHUBILA: Sikujui. Ninajua maandishi yako. Mashine imefungwa, ufunguo anao Rutashobya.

ILDEFONS: Koku.

KOKUSHUBILA: Umeongea na wazee wako?

(Mkwaruzo mrefu.)

KOKUSHUBILA: Ildefons Byabato, umeongea na wazee wako?

ILDEFONS: Nilikuwa nimepanga kuongea nao.

KOKUSHUBILA: Hapa umeandika “nimeshaongea.”

ILDEFONS: Jumanne nilikuwa na furaha. Mashine ilikuwa haijakosea herufi hata moja siku nzima. Uliniuliza, nikaona... nikaona nikiandika “nitaongea” itakuwa baridi. Ukiwa pale unachapa, unaona kama jambo limeshafanyika. Nilijua nikifika Kashozi nitamwambia mama jioni ile ile.

KOKUSHUBILA: Ulifika?

ILDEFONS: Nilifika. Alikuwa na wageni.

KOKUSHUBILA: Jumatano?

ILDEFONS: Jumatano nililala hapa mjini, nilikuwa natengeneza kisanduku.

KOKUSHUBILA: Na mshenga?

ILDEFONS: Mzee Rugemalira angekubali. Nikimwomba, atakubali.

KOKUSHUBILA: Kwa hiyo hajaombwa.

ILDEFONS: Mama yangu ana msimamo wake, Koku. Unajua mambo ya madhehebu. Ninamtafutia wakati mzuri. Ngoja mkaguzi apite, nipate hayo mafunzo, nikirudi na cheti hata yeye –

KOKUSHUBILA: Mwaka mmoja na nusu.

ILDEFONS: Unakwisha haraka.

KOKUSHUBILA: Na ndizi za baba?

ILDEFONS: Koku, ndizi si watakunywa wenyewe?... Nimesema vibaya. Sikukusudia hivyo. Haloo?

KOKUSHUBILA: Nipo. Natafuta kalamu.

KLAUDIA: Samahani, Bukoba. Ofisi ya Wilaya wanaomba laini ya Muleba. Mmebakiza dakika mbili.

ILDEFONS: Dada Klaudia, tafadhali, tupo kwenye mambo ya kazi.

KLAUDIA: Nimesikia.

KOKUSHUBILA: Mwezi wa saba, majaribio. Mwezi wa nane, majaribio.

ILDEFONS: Unafanya nini?

KOKUSHUBILA: Unachotaka. Ya mvua, majaribio. Ya mgongo, majaribio. Ya siku ile uliponiambia umeota niko Kashozi nachambua kahawa na mama yako, naye ananichekea... Hii iliniliza, unajua? Nililia nikiwa peke yangu hapa ofisini, nikapiga kengele ili udhani nacheka. Majaribio.

ILDEFONS: Hiyo ya ndoto ilikuwa kweli.

KOKUSHUBILA: Ungesema mapema, ningeitenga.

ILDEFONS: Sasa nasema! Koku, acha kuandika kwanza.

KOKUSHUBILA: Siachi. Mkaguzi yuko njiani. Sitaki ufukuzwe, Ildefons. Nilikuwa tayari kufukuzwa pamoja na wewe, lakini peke yako sitaki ufukuzwe kwa ajili yangu, halafu ukae Kashozi unanitazama kama deni. Hii mashine ni nzuri. Umeitengeneza vizuri. Watu wa Ngara waipate.

ILDEFONS: Koku, ya Jumanne usiiguse.

KOKUSHUBILA: Ninayo mkononi.

ILDEFONS: Ya Jumanne haikuwa –

KOKUSHUBILA: Ilikuwa nini?

ILDEFONS: Haikuwa... Omary, hebu nipishe kidogo, toka nje. Toka! Koku, ngoja. Ngoja atoke.

KOKUSHUBILA: Nimeshaandika.

ILDEFONS: Futa!

KOKUSHUBILA: Ni wino. Rutashobya anaingia. Nikimpa hizi anakwenda kwa baba kabla ya chakula cha mchana. Mkaguzi akifika nitakaa kwenye mashine kama kawaida, utaandika, nitajibu. Andika mambo ya herufi tu.

ILDEFONS: Kokushubila –

KOKUSHUBILA: Kwaheri, fundi. Msalimie mama.

(Mlio wa simu kukatwa.)

ILDEFONS: Haloo? Haloo! Koku! Dada Klaudia, mbona umetukata? Ulisema dakika mbili!

KLAUDIA: Sijawakata, kaka. Dakika yako moja bado ipo. Muleba ameweka simu chini mwenyewe.

ILDEFONS: Mrudie. Mpigie tena.

KLAUDIA: Wilaya wanangoja –

ILDEFONS: Wangoje! Mpigie, dada, nakuomba.

KLAUDIA: Haya. Inaita.

ILDEFONS: Anapokea?

KLAUDIA: Inaita tu.

ILDEFONS: Akipokea mwambie nakuja. Jumapili nakuja kwao Muleba, hata bila mshenga, hata mama akikataa. Ninampenda, nitaoa kwa Ndyamukama na si kwingine. Nitamwambia baba yake kwa mdomo wangu. Mwambie hivyo.

KLAUDIA: Sasa hayo unaniambia mimi, kaka? Bado inaita.