Maiti wa Tano wa Mwenye Meza

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, mhudumu mkuu wa chumba cha maiti cha hospitali yetu atarudisha funguo tatu na aproni mbili za mpira, na utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi minne utakuwa umefika mwisho. Kamati ya sherehe ilipouliza nani aandike wasifu wake wa kuchapwa katika ratiba hii ya kumuaga, watu waliangalia viatu vyao. Nikajitolea mimi, dereva wa gari la wagonjwa, ambaye shule niliiacha njiani lakini maneno hayajawahi kuniishia, na ambaye hakuna barabara ya nchi hii wala ya jirani ambayo sijaipigia honi. Atakayeona kosa la kuandika alimeze na chai yake.

Aliajiriwa kama mfagiaji wa wodi ya wanaume. Mwaka wa pili mhudumu wa chumba cha maiti aliacha kazi bila kuaga, naye akaombwa ashike nafasi ile kwa wiki mbili. Wiki hizo mbili ndizo zinazokwisha Ijumaa.

Katika miaka yote hiyo hakuna familia iliyokabidhiwa maiti asiye wake. Wasio na jina aliwatafutia ndugu kwa simu, kwa barua na kwa kutusumbua sisi madereva, na Jumamosi zake nyingi ziliishia humo. Waliokosa mtu kabisa ni wanne tu. Wote wanne aliwasindikiza makaburini mwenyewe akiwa na shati lake jeupe, na mpaka leo anaweza kukutajia tarehe zao.

Wengi wenu hamjui kwamba mtu huyu ana kazi ya pili. Kila Alhamisi saa ya chakula cha mchana, katika stoo ya mashuka, yeye ndiye Mwenye Meza. Ni mchezo. Mtu mmoja anasimulia nchi ya kubuni, na wachezaji kila mmoja anakuwa mtu wake humo ndani. Dada wa Maabara ni mganga, Mpishi Mkuu ni mwizi mstaafu, na mimi, kama mlivyokwisha kubashiri, ni shujaa wa mapanga mawili. Pakitokea la mashaka, dadu inaamua. Dadu zenyewe alizichonga kutoka mpini wa fagio uliovunjika.

Mchezo alifundishwa na mgonjwa wa mguu aliyelazwa hapa miezi mitano. Katika mchezo wa yule bwana, mazimwi na majitu walikuwa waovu tangu tumboni mwa mama zao, kazi yako ni kuwafyeka na kujisifu. Mwenye Meza alicheza mara moja, akaua mazimwi kumi na wawili, kisha akauliza swali moja:

“Nani anawazika?”

Basi akatengeneza mchezo wake. Nitawapa kidogo ili mwone kichwa tunachopoteza. Mazimwi wanawarushia mawe wote wanaotaka kuvuka daraja. Tumefika tumenoa mapanga, kumbe nguzo ya daraja imeoza kwa chini, na wao katika lugha yetu hawana neno la kusema itaanguka. Mawe ndiyo yaliyokuwa maneno yao. Mara nyingine joka linaiba kondoo. Tumelifuata mpaka pangoni, tumekuta joka kizee halina hata jino moja, limewalaza kondoo wazima juu ya mayai yake ili yapate joto, maana msitu wake wanakijiji waliumaliza kwa kuni. Mara nyingine tena majitu wanalia nje ya ukuta wa mji kila mwezi ukijaa, na meya ametukodi tuwafukuze. Dada wa Maabara ndiye aliyegundua kwamba ukuta ulijengwa juu ya makaburi yao, na kwamba kile kilio ni majina ya waliolala humo. Tulitumia wiki tatu kumbembeleza meya afungue lango mara moja kwa mwaka. Mpishi alilia, akasema ni vitunguu, na siku hiyo hakupika vitunguu.

Msidhani mazimwi wake ni malaika. Mmoja alimuuza kaka yake kwa watu wa machimbo, na Mpishi hajamsamehe mpaka leo. Lakini uovu wake ulikuwa wa kwake yeye, haukuwa wa ukoo.

Sheria ni mbili. Hakuna dadu kabla ya salamu. Kabla hujainua silaha lazima umsalimie aliye mbele yako na usubiri aitikie. Ya pili: ukiua, unajaza fomu na kumrudisha marehemu kwao.

Mimi nilivunja ya kwanza. Ilikuwa Alhamisi moja mwanzoni mwa mwaka, simu ya gari inaita, nina haraka, na kisimani amesimama zimwi wa kike. Sikumsalimia. Nilirusha dadu zikaja sita na sita, nikashangilia mpaka nikapiga teke ndoo ya sabuni. Mwenye Meza alisema kwa sauti yake ileile ya chini kwamba yule zimwi alikuwa ameshika mtungi tu. Kisha akatoa mfukoni fomu ya mapokezi, ile halisi ya ofisini kwake, na kalamu.

Penye jina niliandika hajulikani. Aliisoma, akanirudishia.

“Hilo ni jibu la mtu aliyechoka,” aliniambia. “Mtafutie kwao.”

Alhamisi kumi na moja, jamani. Mapanga niliyafunga yakawa machela. Wenzangu walinisaidia kubeba kwa zamu, na kila kijiji cha mazimwi tulichofika ilinibidi nisalimie, nifunue uso wake na kuuliza kama kuna anayemjua. Nimebeba maiti wa kweli maisha yangu yote bila mgongo kulalamika, lakini huyu wa hewani aliniinamisha. Hatimaye tulifika kwao. Mama yake alifungua mlango, akamtazama mwanawe, akauliza nani amefanya hivi.

Nikasema ni majambazi.

Mwenye Meza hakunikosoa. Alifunga daftari. Kwa desturi ya mazimwi wake, marehemu haingii kaburini mpaka aliyemuua aseme kwa kinywa chake mwenyewe. Huu ni mwezi wa nne tangu siku hiyo. Kila Alhamisi anafungua daftari, mama yule bado yuko mlangoni, anauliza tena, na mimi naleta visingizio vya dereva, hadithi za matairi yaliyopasuka. Wiki iliyopita, tukikunja mashuka, aliniambia kwamba jambo moja tu linamkera katika kustaafu. Alikuwa na wanne. Hakutaka kuondoka ameacha wa tano.

Niliendesha gari siku nzima na maneno hayo. Kwa hiyo sasa naomba ndugu wasomaji mnivumilie, kwa sababu kuna mlango mwingine nao umesubiri.

Huyu mstaafu wetu, wote hapa mnamwita Zimwi. Wauguzi, walinzi, hata madaktari wakidhani hasikii. Wageni wakija wanalikuta jina na kulitumia kama walivyokuta vitanda. Hakuna anayejua lilianza wapi. Mimi najua. Miaka kumi na tisa iliyopita nilikuwa dereva mgeni mwenye njaa ya kuchekesha watu. Aliingia kantini na sinia lake, akatafuta kiti. Nilisimama nikasema wafiche watoto, zimwi limekuja kula. Vijiko vilianguka kwa kicheko. Alitoka na sinia lake, na tangu siku hiyo hajala tena kantini. Binti yake alikuwa akimsubiri getini kila jioni akitoka shule. Jina lilipomfikia, aliacha kuja.

Kwa miaka kumi na tatu baada ya hapo nilipita ngazi za nyuma nisikutane naye. Kisha mama yangu mzazi alifia wodi namba nne. Nilishuka kumchukua nikiwa nimejiandaa kuona mabaya. Nikamkuta amefungwa kitambaa chake cha kichwa, fundo upande wa kushoto, kama alivyofunga maisha yake yote. Mwenye Meza alikuwa amepanda wodini kumuuliza sista fundo lilikaa upande gani. Alinisalimia kwanza yeye. Akanipa pole na kiti, na wiki iliyofuata akanikaribisha Alhamisi. Hajawahi kuniuliza kuhusu kantini.

Basi fomu nimeijaza upya, nimeibandika kwenye nakala yako ya ratiba hii, Mwenye Meza. Penye aliyesababisha hakuna majambazi. Mama uliye mlangoni, ni mimi niliyemuua. Sikumsalimia. Na kantini ni mimi pia. Nimetia sahihi mara mbili. Ukiona inatosha, mruhusu mama yule amwingize mwanawe kaburini.

Nafasi yako imetangazwa mara tatu na hakuna aliyeomba. Ijumaa jioni kile chumba kitakuwa kimya kuliko kawaida yake, na sisi wa juu tutaendelea kufa bila kujua nani atatufunga vitambaa vyetu. Unahamia kwa binti yako, kwenye wajukuu wawili ambao jina lile halijawafikia. Kutoka kwetu halitafika.

Asante kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa wale wote ambao hawakuweza kushukuru wenyewe. Tunakuombea siku ndefu na usingizi mwanana, na huko uendako kila utakayekutana naye akuanze kwa salamu, asubiri uitikie.