Kura ya Boksi la Donati

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la vyakula vya mifugo hapa Brannock, Indiana, upande unaopata jua mapema. Ndani kuna mtungi wa umeme wa kahawa, unajimiminia mwenyewe, unatoka nje, unakaa, unabisha. Tumefanya hivyo miaka kumi na tisa. Mimi wananiita Posta, kwa kuwa nilipeleka barua za mji huu miaka thelathini na moja. Shemasi ni shemasi wa kweli, ila methali zake huwa zimevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Jaji hajawahi kuwa jaji. Aliitwa mara moja mahakamani kuwa mzee wa baraza, kesi ya ng'ombe waliovunja uzio, ikaisha kwa siku mbili, na tangu hapo hakuna jambo lisilopitia kwake. Wa nne ni Royce Hadley, tunamwita Siagi. Wa tano alikuwa mdogo wake, Darrell, na jana tulimzika.

Siagi alikuwa bado hajafika.

— Sukari, — Jaji akasema kabla hata hajakaa. — Andika hapo. Sukari ndiyo iliyomuua.

— Niandike wapi? — nikamuuliza.

— Kichwani. Si ulikuwa posta wewe?

— Wahenga walishamaliza, — Shemasi akadakia. — Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu lake halikuvunjika, — nikasema. — Lilikatwa.

— Ndo hilohilo.

— Si hilohilo, Shemasi. Lilikatwa Septemba iliyopita, chini ya goti, na wewe hukwenda kumwona.

— Kwani wewe ulikwenda?

Nikanywa kahawa yangu.

Mambo haya yalianza kwa heri, lazima niseme. Miaka mitatu nyuma Siagi alikuwa na ratili mia tatu na ishirini, na daktari akamwambia sukari imepanda, akifanya mchezo macho yatakwenda. Mkewe, Lorna, akapata habari za keto: acha mkate, acha viazi, acha mahindi, acha kila chenye wanga, kula nyama, mayai, jibini, mboga za majani, na siagi usiiogope. Royce akashika. Kwa miezi kumi na moja akapungua ratili tisini. Daktari akampunguzia vidonge. Siku alipoinama akafunga kamba za viatu vyake mwenyewe, alitupigia simu mmoja mmoja kutuambia. Furaha ile ilikuwa ya haki yake. Simnyimi.

Lakini mtu aliyeokoka hawezi kunyamaza. Alianza na wa nyumbani kwake, akaja kwetu. Kila asubuhi akaja na mfuko wa mayai ya kuchemsha na vipande vya jibini. Akatugawia vile vikaratasi vya kupimia mkojo, vinavyogeuka zambarau mwili ukichoma mafuta, basi wazee wazima tukawa tunatoka choo cha duka tunalinganisha nani karatasi yake imekuwa zambarau zaidi. Alivyolitamka neno wanga, ungedhani anawasema wale wanaoroga watu usiku. Jaji alipungua ratili ishirini, mimi kumi na nne. Shemasi aliongezeka mbili.

Darrell peke yake ndiye aliyekataa. Naye alikuwa na sukari, tena mbaya kuliko ya kaka yake. Alikuwa mjane, dereva wa lori la nafaka, binti yake wa pekee anaishi mbali, Arizona. Kwa miaka yote ile yeye ndiye aliyekuwa akileta boksi la donati kila asubuhi, kumi na mbili, mbili kwa kila mtu, na mbili za mwisho anampa mama wa dukani. Alipenda kutuangalia tunavyoramba vidole.

Siku moja ya Septemba, mwaka juzi, Siagi akasimama mbele ya benchi, mdogo wake anakuja na boksi.

— Darrell, hilo boksi lisifike tena hapa. Unatuua.

— Nawaua vipi? Nawashika midomo?

— Na wewe mwenyewe unajiua.

— Basi niache nife nimeshiba, bwana.

— Tupige kura, — Jaji akasema. Alikuwa anapenda sana kura. — Nani hataki boksi?

Mkono wa Siagi ukapanda. Wa Jaji ukapanda. Wa Shemasi ukapanda. Wangu ulichelewa kidogo, lakini ulipanda. Darrell akatutazama mmoja mmoja, akarudisha kifuniko cha boksi taratibu, akaenda kwenye gari lake. Hakuondoka. Alikaa mle ndani akala donati moja polepole, anatutazama kupitia kioo. Kwa wiki mbili alikuwa anakuja asubuhi anaegesha ng'ambo ya barabara. Tulimpungia mkono, naye akapunga. Hakuna aliyevuka. Wiki ya tatu hakuja.

Novemba ile ikafika Sikukuu ya Shukrani, siku ya familia nzima kula meza moja. Mama yao, Opal, mwenye miaka themanini na minne, alisimama jikoni siku mbili. Alipika viazi vya kuponda, mkate wa mahindi, na pai mbili za krimu na sukari, zile ambazo marehemu mumewe aliziomba hata akiwa kwenye kitanda chake cha mwisho. Siagi akatangulia kufika. Opal alikwenda kubadili gauni, na alipotoka chumbani kila kitu kilikuwa kwenye pipa la taka huko nje. Mezani amebaki bata mzinga na sinia la mayai. Lorna ndiye aliyenisimulia, na aliponisimulia alikuwa hanitazami usoni.

Siagi alidhani anamwokoa mdogo wake. Darrell akaingia, akauliza pai iko wapi. Halafu akamwona mama yake ameipa meza mgongo, anaosha sahani za pai ambazo hazikuliwa.

— Royce, — akasema, — mimi sawa, tumezoeana. Huyu amekukosea nini?

Akavaa kofia akatoka. Ndugu wale hawakusemezana tena. Miezi kumi na sita, mpaka jeneza lilipofungwa.

Na jana, baada ya maziko, akina mama wa kanisa walijaza meza ya ukumbini kwa mapai na mabakuli. Siagi naye akaweka sinia lake la mayai katikati. Hakuna aliyeligusa. Opal alikaa meza ya mwisho, na alipoona mwanawe anakuja upande wake, akahamishia mkoba wake kwenye kiti kilichokuwa wazi.

— Mimi nimelifikiria hili usiku kucha, — Jaji akaendelea. — Sukari ni mshtakiwa wa kwanza. Wa pili ni viazi. Viazi vya siku hizi vinapigwa dawa inayomfanya mtu awe mbishi. Darrell kala viazi miaka hamsini. Ndo maana alikuwa haambiliki.

— Mkeo anakula viazi? — nikamuuliza.

— Hata kimoja.

— Na ubishi wake anautoa wapi?

— Usimwingize mke wangu kwenye kesi.

— Mimi nasema ni mguu, — Shemasi akasema. — Mguu ulitangulia. Ukakaa huko peke yake, ukaona upweke, ukamwita mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo imeingiaje hapo?

— Si kidogo kidogo? Leo mguu, kesho...

— Nyamaza, Shemasi.

— Na lile tundu, — Jaji akasema, — lile tundu la katikati ya donati. Mmewahi kujiuliza? Wanaondoa pale panaposhibisha. Unakula pembeni, unazunguka, hushibi maisha. Lile tundu ndilo lililomuua.

Angecheka mtu siku nyingine. Siku hiyo tulilitazama lile wazo likipita, tukaliacha.

Siagi akatokea pembeni ya duka. Alikuwa bado na suti ya jana, iliyoshonewa mwili wake wa zamani, mabega yameanguka karibu na viwiko. Hakuwa na mfuko wa mayai. Akajimiminia kahawa, akakaa mwisho wa benchi.

— Mnasema nini?

— Tunasema alijitakia, — Jaji akamjibu, akidhani anampa pole.

— Nilimwambia, — Siagi akasema. — Ninyi mashahidi. Nilimwambia mara ngapi?

— Nyingi.

— Alipokatwa mguu nikamwandikia orodha nzima. Asubuhi ale nini, mchana nini, jioni nini: kuku na kabichi, samaki kwenye siagi. Nikaibandika mlangoni kwake kwa mkono wangu huu.

— Mlangoni, — nikasema. — Hukugonga?

— Tulikuwa hatusemezani, Posta. Unajua.

— Ulisikia kama yuko ndani?

Akatazama ndani ya kikombe chake.

— Televisheni ilikuwa inaongea.

— Na hukugonga.

— Ulitaka nifanye nini? Niingie nikae nimtazame anavyojimaliza kwa kijiko?

— Ungekaa, basi.

— Wewe ulikaa? — akaniuliza, na jicho lake lilikuwa jekundu. — Nyumba yake ilikuwa kwenye njia yako ya barua. Miaka yote hiyo ukipita kwake. Ulipostaafu ukasahau njia?

Nilikuwa nimepita pale mara mbili wakati wa baridi. Mara zote mbili nilijiambia theluji ni nyingi.

Shemasi akakohoa.

— Ndugu zangu, mimi nina jambo. Mimi mkate nakula.

— Unasemaje? — Siagi akamgeukia.

— Nakula mkate. Sikuacha. Mayai yako nilikuwa nakula hapa, nikifika nyumbani nakula mkate na jamu. Mla mla leo, mla jana kala nini?

— Ulipiga kura, Shemasi.

— Nilipiga.

— Ulinyoosha mkono dhidi ya mdogo wangu na tumbo lako lina mkate?

— Wewe ndiye uliyesimama mbele yetu, bwana. Ningeanzaje mimi kukataa?

— Na mimi, — Jaji akasema, sauti ya chini. — Lakini Jumapili tu.

— Jumapili tu?

— Na Jumatano, kwenye kwaya. Kuna biskuti.

Wote wakanigeukia. Nikawaambia ukweli, kwamba niliacha kujipima tangu mwaka juzi, na kwamba mke wangu hutengeneza tambi kila Alhamisi. Siagi akatutazama kama mtu aliyeamka akakuta kumbe alilala nyumba ya watu asiowajua.

— Kwa hiyo ilikuwa mimi peke yangu, — akasema. — Mimi na Lorna. Basi Darrell mlimfukuzia nini?

— Hatukumfukuza, — Jaji akasema. — Tulifukuza boksi.

— Alikuja na boksi, akaondoka na boksi. Ulitaka aliache lije peke yake?

Hapo ndipo gari la kukodi lilipoingia, akashuka mwanamke wa miaka arobaini hivi, koti jeusi, macho ya Darrell kabisa. Ni Marnie, binti yake wa Arizona. Jana tulimpa mkono mlangoni mwa kanisa, hatukupata kuongea. Alikuwa ameshika furushi la bahasha na kalamu.

— Habari za asubuhi, wazee. Baba mkubwa.

— Nzuri, mwanangu, — Siagi akasema, akasimama. — Njoo ukae.

— Sikai, nina ndege mchana. Naandika kadi za shukrani. Za waliotuma maua nimemaliza, za akina mama wa chakula nimemaliza. Zenu nimezileta mwenyewe.

— Zetu? — Jaji akauliza. — Sisi hatukuleta maua.

— Najua mlichofanya.

Akatabasamu, machozi yakawa karibu. Akatazama bahasha zake ili yasitoke.

— Baba alikuwa ananipigia kila Jumapili. Alipokatwa mguu nilitaka kuacha kazi nihamie huku. Nilishaanza kufunga mizigo. Akaniambia, usije, nina watu. Akasema benchi zima linakuja kwangu kila Ijumaa tunakula pamoja. Kila Jumapili nilikuwa namuuliza, Ijumaa mlikula nini, na alikuwa ananieleza mpaka mate yananitoka. Kuku na kabichi. Nyama ya kuchoma na uyoga. Samaki kwenye siagi. Akasema mnampikia kile chakula cha baba mkubwa, kisicho na wanga, na kwamba hakikuwa kibaya kama alivyodhani. Akasema ameshaanza kukizoea.

Siagi alikaa chini tena. Hakutafuta benchi kwa mkono kwanza, alikaa tu, na benchi lilikuwepo.

— Kwa hiyo nikabaki Arizona, — Marnie akasema. — Nikasema, ana watu.

Lori la mahindi likapita barabarani, likachukua muda wake. Marnie akachomoa kadi moja, akailaza juu ya furushi, akabonyeza kalamu.

— Kadi za kila mmoja nimeandika. Hii ni ya peke yake, nataka niandike vizuri zaidi, maana hiyo ndiyo kazi kubwa. Ila Baba hakuwahi kunitajia jina. Nani alikuwa anapika?

Jaji akamtazama Shemasi. Shemasi akanitazama mimi. Siagi alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama kamba za viatu vyake, mikono imelala magotini, viganja juu.

— Wazee? — Marnie akasema.

Alikuwa bado ameinama na kalamu yake, anasubiri jina.