Mwanamke wa Ubao Mtupu

Benchi letu liko Kibuli, kwenye baraza ya Rukiah, anayetuchemshia kahawa ya tangawizi na kuvumilia kelele zetu. Meja hajawahi kuwa askari. Babu yake ndiye aliyekuwa, yeye akarithi cheo. Owuor, Mkenya anayeuza spea Nakivubo, tunamwita Ripoti kwa sababu hakuna habari ambayo hajaisikia tayari. Jana asubuhi Jibril, fundi rangi wetu, yaani Burashi, alifika na ndoo ya rangi nyeupe, akaiweka miguuni, na kahawa hakuigusa. Alikuwa njiani kwenda kupaka chumba cha marehemu mama yake. Mpangaji anahamia leo, na kuta zile mama huyo alizijaza maua kwa mabaki ya rangi za mwanawe.

Tukamuuliza ana nini. Akasema wiki iliyopita alipaka kuta za makumbusho moja ndogo huko Ntinda, na juzi wakamwalika kuona picha walizotundika, za wachoraji Wafaransa wa zamani waliopenda kupamba vyumba vya watu.

— Kuna moja ndogo, imechorwa juu ya ubao, mama anashona. Gauni yake maua, ukuta maua, meza maua. Mimi naona pahali rangi haikufika, ubao uko wazi. Nikaambia ile dada ya pale, fundi yenu hakumaliza, nipe burashi nimalizie.

— Rangi ilimwishia, akasema Ripoti. Hiyo nilisikia.

— Ngoja, ssebo. Dada akaniambia rudi nyuma hatua tano. Nikarudi. Ile ubao mtupu ni uso ya mama. Na mikono yake. Pahali hakuweka rangi, ndiyo pahali mtu iko.

Kila mmoja alikiweka kikombe chini.

Ripoti akadai mchoraji alikuwa fundi cherehani, akabakiza ubao kama anavyobakiza upindo wa suruali. Meja akakataa. Alisema ile ni mbinu ya vita.

— Mama amevaa ukuta. Adui akiingia anaona maua tu. Na usishangae kama ndani ya ile picha kuna kikosi mzima.

Burashi hakucheka. Alisema alisimama pale mpaka wakafunga, akiona haya, maana miaka thelathini kazi yake imekuwa kuziba kila nafasi.

Ndipo akaja mpangaji mwenyewe, Nakhisa, kuchukua ufunguo. Alituamkia, akaitazama ndoo.

— Kaka, ile ukuta ya maua. Katikati kuna nafasi, kama mtu ameketi. Ni nani huyo?

Burashi akamtazama Meja, na Meja akatazama kikombe. Ripoti, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa hajasikia.

— Mimi nilidhani rangi ilimwishia mama yangu, bambi, maskini, Burashi akasema taratibu.

Aliiacha ndoo kwa Rukiah, akaenda na Nakhisa, nasi tukawafuata bila kuitwa. Chumba ni kidogo. Burashi alisimama karibu kabisa na ukuta, akaanza kurudi nyuma akihesabu hatua. Ya nne ilimfikisha mlangoni. Ya tano akaipiga nje uani, akabaki hapo anaitazama ile nafasi katikati ya maua, na Nakhisa bado anangoja jibu.