Anatory wa Asubuhi na Anatory wa Jioni

Mama anayemzika mwanawe aachwe alie. Lakini wajukuu walimfuata Ma Vestina jikoni na kalamu, wakadai tarehe, wakasema programu inangojewa kwa mchapaji. Programu! Basi ameyasema kama anavyoyajua, yanasomwa hapa kaburini vilevile, na asiyeyapenda azibe masikio.

Marehemu Anatory Kahigi alizaliwa Ijumbi, Muleba, tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili wa hayati Joackim Kahigi na Vestina. Alitembea kabla hajatambaa vizuri, na tangu hapo hakuna kiti kilichomzoea.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Ijumbi, 1987 hadi 1993, kisha sekondari Bukoba mjini, akikaa Miembeni kwa Mzee Zahoro, rafiki wa baba yake. Mzee Zahoro alikuwa akilalamika, "Huyu mtoto wenu analala na viatu." Akasomea kilimo, na mwaka 2004 serikali ikamwajiri kuwa afisa ugani.

Tarehe 21 Julai 2007 alifunga ndoa na Celina. Sherehe ikiwa imechangamka, bwana harusi akapotea. Alikutwa nyuma ya nyumba ya wakwe, amekunja suruali, anakagua migomba. Wakwe walicheka. Mama yake hakucheka; suruali ile ilikuwa mpya.

Mwaka 2021 Dkt. Joanitha wa chuo kikuu alikuwa akiomba fedha za kutafiti mnyauko wa migomba, akamwandika Anatory kuwa mtafiti mwenza. Vurugu ikaanzia hapo. Amri ya ofisi yake ilikuwa mgomba ukinyauka, ng'oa shina zima na watoto wake. Utafiti ulijaribu kukata mgomba mgonjwa peke yake, na panga lipitishwe motoni kabla halijagusa mwingine. Jirani yetu Kashaija akamkejeli mbele ya watu:

"Asubuhi unatuamuru tung'oe, jioni unatuomba tuache. Tumsikilize Anatory yupi?"

"Wa jioni, waitu. Wa asubuhi yuko kazini."

Mkuu wake wa kazi hakuona cha kuchekesha. Alimwambia achague, serikali au chuo. Anatory hakuchagua. Alizunguka na pikipiki Muleba, Bukoba, Muleba tena, hadi akapewa kibali kwamba mashamba ya majaribio ya Ijumbi yasing'olewe mpaka utafiti uishe.

Shamba la kwanza likawa kibanja cha mama yake. Alipofika na Dkt. Joanitha, mama yake alisimama mlangoni.

"Umekuja kama nani? Mwanangu, serikali, au chuo?"

"Wote watatu, mae. Tupe viti."

"Viti viko viwili."

Dkt. Joanitha akakaa, mama yake akakaa. Yeye akasimama, kama kawaida yake. Wakabishana mpaka jua likazama, na migomba mitatu ikakatwa. Mama yake hakumwandalia chakula siku ile, na hajutii.

Agosti mwaka jana figo zilimgeuka. Alilazwa Bukoba mara mbili, na mara zote mbili aliomba viatu vyake. Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa tatu asubuhi, Celina akiwa amemshika mkono.

Kesho yake tu ikaja habari kutoka ofisini kwake: kibali kilikuwa cha Anatory, na Anatory hayupo, kwa hiyo Jumatatu mashamba yatang'olewa. Mavuno ya mwisho ya utafiti ni Juni! Watu wa Ijumbi walivumilia miaka minne kwa neno la mtoto huyu. Waliokuja kusafisha mahali pa kaburi humu kibanjani, mama yake aliwapokea langoni, akayapitisha mapanga yao motoni moja moja. Mikungu ya ndizi mliyoleta kutoka kwenu imebaki barabarani isije ikaingiza mnyauko, msinune. Mama yake hajasema mwanawe alikuwa sahihi. Juni ndiyo itasema, ikiachwa ifike.

Marehemu ameacha mama yake Vestina, mjane Celina, watoto Evelyne na Joackim, na dada yake Benigna.

Leo amevuliwa viatu. Mwacheni apumzike, ametembea vya kutosha. Nawe mkuu wake wa kazi, umekaa kiti cha mbele, ubavuni kwa Dkt. Joanitha. Simama, utaje mtumishi mwingine wa serikali atakayeingia utafiti huu mahali pake, kibali kisizikwe naye. Jina kamili, kwa sauti, na wa nyuma wasikie. Wachimba kaburi wameshika machepe, na Ma Vestina amewaambia wangoje.