Bi Saumu na Puli Kubwa ya Mashine ya Unga

Wasikilizaji wapendwa, juzi, karibu na Kilambo, alizikwa Bi Saumu Abeid, aliyeendesha mashine ya kusaga ya kijiji chake cha ujamaa. Tumkumbuke bila kumpunguzia ukali wake.

Mashine ile iliendeshwa kwanza na mumewe, Muhidini. Injini ya dizeli hukimbia mno. Jiwe la kusagia halistahimili mbio hizo. Ndiyo maana jiwe lilifungiwa puli kubwa, gurudumu la chuma linalopokea mkanda wa injini na kupunguza mwendo. Puli kubwa, wasikilizaji, ndiyo iliyolinda uhai wa msagaji.

Mwaka 1975 wageni wa mkoa walitarajiwa. Mwenyekiti wa kijiji, Bakari, akataka magunia ya unga yawe tayari upesi.

"Fundi, toa gurudumu hilo, weka dogo. Tunasaga kwa mwendo wa kobe."

"Jiwe litapasuka, Mwenyekiti."

"Unapinga maendeleo?"

Neno hilo lilikuwa zito siku zile. Muhidini akafunga puli ndogo. Kabla ya adhuhuri jiwe lilipasuka, likamuua palepale. Hata hitima haijasomwa, Bakari akatangaza kwamba marehemu alizembea.

Saumu hakulia mbele yake. Jiwe jipya lilipoletwa, ni yeye tu aliyeijua mashine. Akarudisha puli kubwa, akasagia kila nyumba, isipokuwa moja. Kapu la Bakari lilirudishwa na makopa yake ya mhogo mazima.

"Asafishe jina la mume wangu mkutanoni, ndipo nitasaga."

Bakari akatishia kumpokonya mashine. Hakupatikana mwingine aliyethubutu kuishika. Kinu kikawa kinasikika nyumbani kwake tu, na wanawake wakipita humtania: "Mwenyekiti, kumbe ujamaa wako ni wa mchi?" Mkewe, Rehema, alitwanga hadi viganja vikamchubuka. Siku moja akautua mchi miguuni pa mumewe. "Twanga wewe uliyesema uongo."

Mwanahawa, binti wa marehemu, anasimulia: "Watu walimsihi mama asamehe. Akawajibu, 'Kwa Mungu nimemsamehe. Kwa unga, bado.'"

Hatimaye Bakari alisimama mkutanoni. "Muhidini hakuzembea. Mimi ndiye niliyeamuru."

Kesho yake alileta kapu mwenyewe. Saumu akasaga taratibu, akamkabidhi unga.

"Chukua. Ila hapo uliposimama ndipo alipoanguka. Toka, na kapu lijalo alete Rehema."

Bakari hakukanyaga tena pale hadi alipokufa.

Mwanahawa na ukoo mzima, poleni sana. Mola amrehemu mama yenu. Nasi tujiulize: tunapohimizana kwenda mbio, ni nani aliyesimama karibu na jiwe?