Noëlla Nsimire, Maman wa Chumvi Nyeupe (1968–2024)

Bandugu, bajirani, bamaman ya soko ya Kadutu, mukae kimya kidogo na mushike batoto. Mimi ni Georgette, dada mukubwa ya marehemu. Masomo yangu iliishia ku darasa ya pili primaire, donc haya maneno nasema na kinywa, Francine, binti ya marehemu, njo anaandika. Nilimukataza kutengeneza maneno yangu. Mwenye anataka Kiswahili ya kanisa, Padri iko pale, atamupatia kiisha.

Noëlla Nsimire alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 kule Cirunga, mu Kabare, mutoto ya ine mu batoto saba ya Papa Luc Cihimba na Maman M'Rhugenda. Mama alimuzaa asubui, na magaribi alikuwa amekwisha kurudi ku mafiga. Alikuwa mutoto mwembamba, mwenye macho kubwa, na alipenda chumvi vile bengine banapenda sukari. Siku moja, alikuwa na miaka sita, mama alimutuma kuleta chumvi ku soko. Ile wakati walikuwa wanaifunga mu majani ya ndizi. Alilamba njia yote. Kufika karibu na nyumba, aliona imebakia nusu, akatia muchanga juu ijae. Ile usiku maarage ililia mu meno ya kila mutu. Papa akauliza: «Noëlla, hii chumvi inatoka wapi?» Akajibu: «Inatoka mbali, papa. Ilichoka njiani.» Papa alicheka mupaka akasahau kumupiga. Ile ulimi yake muikumbuke, nitairudilia.

Alisoma primaire kwa bamasera, watawa wanawake, kule Cirunga toka 1974 mupaka 1980, akapata certificat, akafanya tena miaka mbili ya secondaire. Mimi walinitoa ku masomo juu yeye asome. Sikumukasirikia. Bon, nilimukasirikia miaka kumi na moja, lakini alikuwa anajua, na alikuwa ananisomea barua zangu zote bila kucheka.

Tarehe 22 Juillet 1989 aliolewa na Gracien Murhula, dereva, mutu ya kimya, na wakaja kukaa huku Kadutu, ku ile mutelemuko yenye mulipanda leo na viatu yenu ya matanga. Walizaa Hugues mu 1990 na Francine mu 1993. Camille alizaliwa mu 2009, na kiisha yeye mimba mbili zilitoka, ya 2011 na ya 2012. Mushike hizo miaka ya mwisho. Mimi nimezishika.

Kazi yake ilikuwa chumvi. Alianza kuuzisha mu 1996, ku mustari ya bamaman ya chumvi, pembeni ya Christine, yenye muko naye pale chini ya bâche, ile turubai. Ilikuwa ile chumvi ya mawe ya bahari, inakuja mu gunia ku malori, imelowana, iko na rangi ya majivu na muchanga ndani. Bengine walikuwa wanaiuzisha vile vile. Noëlla hapana. Sijui kama ni juu ya ile muchanga ya utoto. Alikuwa anaibeba ku nyumba, anaiyeyusha mu maji, anaichuja na kitambaa, kiisha anaichemusha mupaka maji inakwisha na inabakia chumvi safi. Lakini mu sufuria ya chuma ilitoka nyekundu na kutu, na batu walikataa.

Mimi njo nilimupeleka kwa Barthélemy. Uandike vile, Francine, usiruke. Mu 2007, mimi Georgette nilimushika mukono mudogo wangu nikamupeleka kwa Barthélemy, mutengenezaji wa masufuria, yenye anayeyusha vipande ya moteur ya magari anamwanga mu udongo. Alimutengenezea sufuria mukubwa, mbuzi muzima ingelala ndani. Chumvi ilitoka nyeupe sawa meno ya bibi-arusi. Toka ile siku akaitwa Maman wa Chumvi Nyeupe.

Lakini chumvi inakula sufuria. Kiisha miezi sita, chini ilitoboka. Barthélemy akasema si kitu. Alikamata batri ya zamani ya gari, akaivunja, akatoa ile madini laini ya ndani, akaiyeyusha, akaimwanga ku tundu. Ikaziba muzuri. Kiisha miezi tena, kiraka ikakwisha, tukarudi. Na tena. Mwenye alikuwa anabeba ile sufuria ku mugongo na kamba ku kipaji ya uso ni mimi, juu yeye alikuwa ku soko. Mara moja tulienda wote mbili, na nasikia mupaka leo vile walisemezana.

«Barthélemy, ile kiraka ya Pasaka iko wapi?»

«Imelikwa, maman.»

«Imelikwa na nani?»

«Na chumvi.»

Tukacheka. Barthélemy akacheka, Noëlla akacheka, mimi nikacheka kupita bote. Na chumvi inalikwa na nani? Hakuna mwenye aliuliza. Tulikuwa pale batatu, na akili ya batu batatu haikufika pale.

Kila sufuria yenye ilikauka, Noëlla alikuwa anatia kidole, anaonja. Hakuuzisha chumvi yenye hajaonja. Na mwanamuke akizaa mu kartié, mu mutaa yetu, bengine munamuletea sabuni, kuni, unga. Yeye alikuwa analeta chumvi mu kitambaa yenye amefunga na uzi mwekundu. Munaijua. Muko nayo mu manyumba. Kuna benye walizaa 2010 na bado wanaitumia kidogo kidogo ku siku kubwa, juu ni chumvi ya baraka.

Ugonjwa ilianza 2019. Tumbo ilikuwa inamushika sawa mutu anakamua nguo. Kiisha ku ufizi, chini ya meno, ikatokea mustari mweusi-bleu. Kiisha mukono ya kuume ikaanguka ku kiganja. Ilining'inia. Hakuweza tena kukamata hata kijiko. Kartié ikasema ni karuho, kuna mutu alimupatia sumu. Mimi pia nikasema karuho. Na nikamuchagua Christine, juu walikuwa wanakunywa chai pamoja.

Nilienda ku soko, nikasimama mbele ya meza yake, batu wakajaa. Nikasema: «Christine, tutolee ile kitu ulitia mu kikombe ya mudogo wangu!»

Akaniangalia. Akasema: «Georgette, kama ningekuwa na karuho, si ningeanza na wewe? Na ile meno yako mbovu, hata sumu ingeogopa kupita pale.»

Batu walicheka, lakini hawakumununulia tena. Kiisha mwezi alibeba gunia zake akaenda kukaa Bagira. Christine, leo mbele ya hii sanduku nasema: haikuwa wewe. Haikuwa hata siku moja wewe. Nilikuharibia jina na nilikufukuzisha ku kazi yako. Ile neno ya meno sijaisahau, lakini ile ni neno ingine.

Tukamupeleka kwa munganga wa kutapisha karuho. Alimupatia maji ya moto yenye chumvi mingi, asubui tatu, ili atapike sumu. Munganga alisema tulete chumvi ya kwetu. Nikakamata ile ya Noëlla mwenyewe, ya ku étagère, ku rafu ya vyombo. Kikombe nilishika mimi. Nilimwambia: «Kunywa, mudogo wangu, maliza.» Alimaliza.

Mu Mai 2023 Hugues alikataa maneno yetu yote akamupeleka ku lopitali kule Ibanda. Docta mumoja, mwanamuke kijana, alimufungua kinywa, akaangalia ule mustari, hakuuliza kama kuna mutu anamuchukia. Aliuliza: «Maman, kazi yako ni gani?» Wakatuma damu mbali, mu inchi ingine. Wakatuma pia chumvi na kipande ya kiraka. Jibu ikarudi: plomb, yenye bengine wanaita risasi, ile madini ya batri. Ilikuwa mu kiraka, ilikuwa mu chumvi, ilikuwa mu damu yake. Docta akatuelezea pole pole kama batoto: inaingia mu mifupa inakaa, inaharibu mafigo na mishipa, inatoa mimba, inazima akili ya mutoto. «Na haina harufu, haina rangi mu chumvi. Hata mutu aonje, hawezi kuijua.»

Noëlla aliangalia kidole yake ya kuonja. Kiisha akasema: «Na mimi nilionja kila sufuria.» Alafu akanigeukia: «Dada, nani alizaa hii mwaka?»

Hakuuliza kama atapona. Alianza kutaja majina ya bazazi.

Camille, binti yangu, uko pale mbele na baba yako. Miaka yote herufi zilikuwa zinakutoroka, na mimi maman mukubwa wa kinywa mubaya nilikuwa nakuita kichwa ya jiwe. Haikuwa kichwa yako.

Miezi kumi na saba ya mwisho marehemu alizunguka nyumba kwa nyumba na mukono ikining'inia, anaomba mumurudishie chumvi yake. Nyinyi mukamuona sawa mwenda wazimu. Bengine mukasema anajutia zawadi, ni choyo ya ugonjwa. Bengine mukamupatia nusu mukaficha nusu, juu zawadi ya mutu anakaribia kufa haitoke mu nyumba. Maman mumoja, simutaje, alimwambia: «Noëlla, chumvi ilipita mu moto, moto inasafisha.» Alirudi akakaa ku kitanda akalia, na mimi nikamuvua viatu juu vidole vyake havikufanya tena kazi.

Ile wakati yote alikula bila chumvi, juu aliogopa kila chumvi. Ku mwisho alikuwa analamba midomo sawa mutoto. Alikufa siku ya tatu ya juma, mercredi, tarehe 9 Octobre 2024, saa tisa ya muchana, ku lopitali, mafigo imesimama. Neno ya mwisho yenye nilisikia muzuri ilikuwa jina ya mwanamuke wa kule chini karibu na bomba, alizaa mapacha mu 2016. Alikuwa hajafika kwake.

Sufuria iko kwangu, chini ya kitanda, imefungwa mu sachet ya plastiki. Barthélemy alikuja kuiomba ili aiyeyushe atengeneze zingine. Nilimufukuza na mufagio. Lakini niliuliza docta, niliuliza ku komini, kwa serikali, na mu hii muji yote hakuna mwenye ananiambia fasi ya kuitupa yenye haitafikia kinywa ya mutu. Nalala juu yake. Kila sufuria ikichemuka kwa jirani nasikia inaniuliza ile swali yenye hatukuuliza.

Barthélemy, naona uko pale nyuma na kofia mu mukono. Mimi siko Padri, sikusamehe, na sijisamehe. Lakini uliziba masufuria ya bamaman bengine ine. Mbele ya kutoka hapa utaenda kwa Francine, utataja majina yote ine, ataandika.

Marehemu anaacha bwana yake Gracien, batoto batatu Hugues, Francine na Camille, bajukuu babili, bandugu batano na mimi, na bamama bengi mu hii kartié benye bado wako na kitambaa yake yenye uzi mwekundu ku étagère.

Kiisha kuzika mutarudi kula. Iko bugali, maarage na sombe. Nilipika mimi, na sikutia chumvi. Hakuna mutu aseme nilisahau. Ku mulango kuna bidon ya plastiki. Muende kwenu, mulete ile kitambaa. Musiitupe mu muferezi, musiitupe mu bustani, musiipeleke ku Ziwa. Muitie mu bidon mbele yangu. Mwenye ataleta, nitamutilia mu sahani yake chumvi ya pakiti yenye docta alipima. Mwenye hana kitu ya kuleta, aseme vile sasa ku hii sanduku, mbele ya kuzika. Mwenye anaficha, akule bila chumvi, asikie vile mudogo wangu alikuwa anakula.

Noëlla, yule wa mapacha nitaenda kwake mimi, kesho asubui.

Apumzike na amani, na ulimi yake pia ipumzike.