Wali wa Mzee Magid

Kwenye taksi ya Nakaloke kwenda Mbale, hajati mwenye miwani mpya alikuwa akimsimulia muuza nyanya aliyeketi kando yake. "Jana nilichambua mchele kwa miwani hii, nikaona vijiwe. Kumbe miaka miwili namlisha mume wangu mawe, na yeye anasifu wali tu."

"Angesema, ungenunua miwani mapema." Muuza nyanya alisema hivyo, nami kwenye kiti cha nyuma nikamuunga mkono, ingawa hakuna aliyeniuliza.

"Nilidhani Magid anatafuna polepole kwa uzee. Jana wali haukuwa na jiwe hata moja, na bado alitafuna vilevile, taratibu."

"Basi mwambie mawe yameisha," muuza nyanya akasema.

Taksi ilisimama Nabuyonga. Hajati akapangusa miwani kwa ncha ya mtandio. "Nitamwambiaje," akasema akishuka, "bila yeye kujua kwamba nimejua?"